Kabla Hamjaipigia Kura Mbio ya Saluki

Mgeni rasmi, Sheikh Khattab bin Harub, Mwenyekiti wa Jumuiya ya Uwanja wa Mbio wa Ghafatein. Waheshimiwa wajumbe wa kamati. Wenye mbwa, wenye ngamia na wenye farasi. Mama zetu na ndugu zetu mliokuja kutoka Bidiya, Ibra na Sur: assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwa kila aliyetuzidi umri, shikamoo.

KARIBU

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Ulipotoka msikitini Ijumaa iliyopita ulituambia risala yetu tuisome kwa Kiswahili, kwa sababu Kiarabu chetu kina adabu nyingi mpaka hakisemi kitu. Tulicheka sana. Lakini tulipokaa kuiandika kicheko kilitutoka, maana Kiswahili ndicho tunachosemea kweli, na kweli yenyewe tunaiogopa.

Tunaogopa, Mgeni rasmi. Afadhali tulitamke hilo mwanzo, usije ukadhani karatasi hii inatikiswa na upepo wa kiyoyozi. Msomaji wetu ni Huwaida. Hatukumchagua kwa uzuri wa sauti, ingawa sauti anayo. Tumemchagua kwa kuwa amezaliwa hapa, na hakuna kafili, yaani mdhamini wa kibali, wa kumkatia tiketi ya kurudi kwao. Kwao ni hapa.

SISI NI NANI

Sisi ni watunzaji wa saluki, mbwa wale wembamba wa mbio, wenye viuno vya nyigu na manyoya marefu masikioni. Wengi wetu tumetoka Tanga, Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa, tukaletwa huku kwa kazi za nyumbani: kupika, kufua, kulea. Wengine ni wajukuu wa wale waliorudi kutoka Zanzibar. Hakuna hata mmoja wetu ambaye mkataba wake unataja mbwa. Lakini nyumba za Ghafatein wewe unazijua. Siku ya mashindano mbwa ni wa mwenye nyumba, na siku nyingine zote ni wa yule aliyeko uani.

Haikuwa kazi nyepesi kwetu. Tumekua tukiambiwa mbwa akikugusa ujioshe mara saba, moja kwa udongo. Mabedui wakatuambia saluki si mbwa wa jalalani, kwao analala hemani na anakula mezani. Tuliwasikiliza kwa heshima, hatukuwaamini. Tukawa na nguo za mbwa na nguo za sala, na kopo la udongo likawekwa kando ya bomba. Mpaka leo makopo yale yapo, na mbwa wanaturamba vilevile.

Yuko mwenzetu mmoja, Saliha, mtu wa Pangani, aliyekuja kufanya kazi nyumbani kwa Bwana Mahrous. Siku aliyofika, jike mmoja wa saluki, jina lake Dhabya, alimkimbilia kumlaki. Saliha alipanda juu ya tangi la maji na hakushuka mpaka mbwa alipofungwa. Mke wa Bwana Mahrous hadi leo akiikumbuka siku ile hushika mbavu. Lakini mwaka uliofuata wenye nyumba walikwenda umra, na Dhabya akashikwa na uchungu wakati nyumbani hayupo mtu mwingine. Saliha alifunga kanga kiunoni, akaomba Mungu, akamzalisha. Katika watoto wale, wawili ndio walioishi, Barki na Rimal, wote madume. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena juu ya tangi.

MEMA YALIYOPATIKANA

Mashindano ya Ghafatein yameleta watu kutoka Nizwa, Bahla na hata nje ya nchi. Kambi za jangwani zimepata wageni, vijana wamepata kazi ya udereva, na kina mama wanauza mikate na halwa. Nasi tumejifunza kukanda misuli, kufunga vidonda, na kupaka hina nyayo za mbwa ili ngozi ikomae isichomwe na mchanga. Saliha, aliyekuwa akiwapaka hina maharusi kwao, hina yake ya mbwa ilisifiwa uwanja mzima.

Wewe umeziona mbio, lakini labda hujayaona mazoezi. Mazoezi hufanyika asubuhi. Mwenye mbwa anaendesha gari polepole mchangani, mbwa anaachiwa nyuma, anakimbia akilifuata. Gari likiongeza mwendo, naye anaongeza. Likisimama, anaruka ndani na kupewa tende na maziwa ya ngamia. Saluki wa Ghafatein amefundishwa hilo tangu udogoni: gari la bwana wako likienda, lifuate, na likisimama utapendwa.

YANAYOTUTISHA

Alkhamisi ijayo wanachama watapiga kura kwa simu zao, kujibu swali moja: mbio za mbwa zipigwe marufuku katika uwanja huu, na mwanachama asifuge tena mbwa wa mbio, ndiyo au hapana?

Aliyeleta hoja ni Aseel, daktari wa wanyama, binti wa hapahapa, ambaye wengine wetu tumemnawisha uso akienda shule. Hatutamsema vibaya. Siku ya mashindano ya Idi joto lilikuwa limekwishaingia, na mbio zilipigwa hivyohivyo kwa kuwa wageni walikuwa wamekwishakuja. Mbwa mmoja alianguka mbele ya watoto, akatapatapa, akafa. Aseel alikuwepo, nasi tulikuwepo. Yeye alisema. Sisi tulikwenda kuchota maji.

Hoja ilipobandikwa, uvumi ukaanza. Ikasemwa kwamba atakayekutwa na mbwa baada ya kura atatozwa faini. Kesho yake ikasemwa kwamba hata ngamia wake wataondolewa uwanjani. Kamati haikusema hivyo. Haikusema pia kwamba sivyo. Uvumi, Mgeni rasmi, hauombi viza. Unaingia nyumba yoyote.

Uliingia kwa Bwana Mahrous.

Asubuhi moja, jua limeshapanda kidogo, Saliha alitoka uani na sinia ya mkate wa shayiri uliolowekwa maziwa. Aliwaita kama kawaida yake, kwa ulimi tu, bila majina. Hakuja mbwa. Mlango wa banda ulikuwa wazi, na mikanda yao mitatu ya shingoni imetundikwa msumarini, imepangwa vizuri. Hiyo mikanda ndiyo iliyomtia baridi. Mbwa akitoroka hutoroka na mkanda wake.

Bwana Mahrous alikuwa mbele ya nyumba analiosha gari lake kwa mpira wa maji. Mchanga ulikuwa umejaa mpaka kwenye vioo.

"Baba, mbwa wako wapi?"

"Wameuzwa. Kuna mtu wa Sur kawachukua."

"Na Dhabya? Nani ananunua mbwa mzee?"

"Saliha," alisema bila kugeuka, "kazi yako jikoni. Khalas."

"Mikanda yao imebaki, baba."

Hapo aligeuka. Saliha anasema hakuwahi kuuona uso ule katika miaka yote aliyokaa pale. Hakuwa mtu mwenye hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutwa na kosa.

"Unataka kurudi Pangani?" alimwuliza polepole. "Niambie tu. Tiketi si ghali."

Saliha alirudi jikoni. Aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Alimfikiria mwanawe anayesoma Tanga, aliifikiria nyumba ambayo bado haijaezekwa, akajiambia mbwa ni mbwa na mtu ni mtu. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara masikio yake yalikuwa uani. Mwisho alivaa nguo zake za mbwa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kwa Huwaida.

Huwaida, huyu anayesoma, ana gari la kupandia matuta ya mchanga na kazi yake ni kuwapeleka watalii mchangani. Alielezwa yote.

"Khalti, wakijua mimi ndiyo nimekupeleka, kambi zitanifukuza."

"Najua, mwanangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nishafukuzwa moyoni. Twende."

Walichukua maji na mablanketi. Lami inapokwisha waliikuta njia ya magurudumu ya Bwana Mahrous, maana tairi lake moja lina kovu na linaacha alama. Upepo ulikuwa haujaamka. Kwa mwendo mrefu njia ilikuwa ya magurudumu matupu. Halafu, penye bonde kati ya matuta mawili, ilionekana sehemu gari liliposimama, alama za viatu vya mtu, na nyayo za mbwa zimezunguka viatu vile.

Huwaida alitaka kuanza kuwatafuta kushoto na kulia. Saliha akamshika mkono.

"Tazama," alisema.

Nyayo za mbwa hazikwenda kushoto wala kulia. Ziliingia katikati ya alama mbili za magurudumu na kufuata gari. Mahali gari lilipokwenda polepole, nyayo zilikuwa karibu karibu. Mahali lilipoongeza mwendo, nyayo zilitanuka, mruko baada ya mruko. Mahali lilipopinda kukwepa tuta, nazo zimepinda.

"Khalti, mbwa hawa hawakupotea," alisema Huwaida. "Walikuwa wanafuata gari."

"Walidhani ni mazoezi," alisema Saliha.

Gari liliendelea, na nyayo ziliendelea, tuta baada ya tuta, mpaka katika nyayo kukaanza kuonekana madoa, kwanza ya rangi ya hina, halafu ya damu.

Waliwakuta jua likiwa kichwani. Dhabya alikuwa amelala katikati ya njia ya magurudumu, kichwa kimeelekea lilikokwenda gari. Moyo wake ulikuwa umekwisha. Barki na Rimal walikuwa hai. Wangeweza kwenda kivulini, mti wa ghafu ulikuwepo hatua chache tu, lakini walikuwa wamelala pande zote mbili za mama yao, ndimi nje. Waliposikia gari walijaribu kusimama. Walitikisa mikia.

Saliha aliwanywesha kwa kiganja, kidogo kidogo. Kisha alivua kanga yake ya mbwa, akamfunika Dhabya, akambeba mwenyewe hadi garini. Huwaida alimwuliza wawafiche wapi wale wawili. Hilo ndilo lililokuwa la busara. Sisi wote, kama tungeulizwa, tungesema wafichwe.

"Siwafichi," alisema Saliha. "Si mimi niliyeiba."

Akawarudisha mchana kweupe, akawapitisha mbele ya duka, mbele ya msikiti, mpaka lango la Bwana Mahrous. Tulimwona sote. Tulisimama kwenye milango ya mabosi wetu na hakuna aliyemfuata. Tunalisema hili kwa aibu.

Bwana Mahrous alitoka. Barki alishuka garini akichechemea kwa miguu yote minne, akaenda moja kwa moja kwa bwana wake, akamramba mkono.

Bwana Mahrous alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti, na kanzu yake nyeupe.

"Mwanzo nilikwenda polepole," alisema. "Nikawaona kwenye kioo. Wanacheka. Wallahi, Saliha, walikuwa wanacheka. Nikakanyaga mafuta."

Baadaye alitueleza kwamba alikuwa ameambiwa atanyang'anywa nafasi ya ngamia wake, na ngamia ndiyo heshima aliyoachiwa na baba yake. Aliogopa. Hatumtetei. Tunasema tu kwamba hofu ile iliyo ndani yetu ilikuwa ndani yake pia, na yeye ndiye aliyekuwa na gari.

Aseel aliitwa kuwafunga miguu. Alifanya kazi yake yote bila kuinua uso. Alipomaliza alisema, "Khalti Saliha, haya ndiyo ninayotaka yakome."

"Mwanangu, haya hayakufanywa na mbio," Saliha alimjibu. "Yamefanywa na kura ambayo bado haijapigwa."

"Na mbio zimeua pia. Umeona Idi."

"Zimeua. Nimeona."

Walikaa, huyu kichwani pa Rimal na yule miguuni. Baadaye Aseel akasema, kwa sauti ndogo, "Hoja yangu siiondoi. Lakini nilidhani wenyewe watabaki nao. Nilidhani watakuwa mbwa wa nyumbani tu."

Hata Saliha alikuwa amedhani hivyo, siku moja kabla.

Tulipoandika risala hii hatukutaka kumtaja mtu. Ni Bwana Mahrous mwenyewe aliyetuita na kusema, "Jina langu litajeni. Msipolitaja, kila mmoja atasema ni mwenziwe." Tumelitaja kwa ruhusa yake, naye yumo humu ukumbini. Ametuambia pia kwamba Saliha harudishwi. Neno la mtu aliyejuta tunalishukuru. Lakini kibali cha ukaazi kinaandikwa kwa wino, na usingizi wetu umepungua.

MAOMBI YETU

Mgeni rasmi, sisi hatuna kura. Wewe unayo, na wenye kura wanakutazama wewe utakavyoipiga.

Tunakuomba useme hapana. Hatuombi mbio zibaki kama zilivyo. Tunakuomba joto likiingia mbio zisimame, hata kama wageni wamekwishafika na mabango yamekwishachapwa. Tunakuomba daktari awepo uwanjani na neno lake lishinde la mwenye mbwa. Umbali upunguzwe. Mbwa mzee apumzike. Haya yote Aseel anayataka, nasi tuko tayari kusimama naye.

Na kama wanachama watakataa, wakasema lazima mbio zife, basi tunakuomba zisife kwa siku moja. Saluki wa Ghafatein ni wengi kuliko watu wa nyumba zao. Kila mmoja aandikwe na jina la mwenyewe kabla ya kura, ili asiweze kupotea bila kuulizwa. Na kamati itamke hadharani, leo, kwa kinywa chako, kwamba hakuna faini na hakuna ngamia atakayeondolewa. Sentensi hiyo moja ingemwokoa Dhabya.

Ombi letu jingine ni dogo na tunalisema haraka: asirudishwe kwao mtu yeyote kwa sababu ya risala hii.

Mgeni rasmi, katika tulichoandika ilikuwa imebaki dua peke yake. Tunaomba radhi, tutasema jambo ambalo halimo katika karatasi. Simu imeletwa hapa mezani sasa hivi. Ni ujumbe wa Muadh, muuza chai pale lami inapokwisha. Magari mawili yamepita kwake kuelekea mchangani. Nyuma mna mbwa. Hakuona ndoo ya maji, hakuona mtunzaji hata mmoja. Amewauliza wanakwenda wapi, wakamwambia mazoezi. Saa hii, Mgeni rasmi, na jua hili.

Viti viwili vya mstari wa mbele viko wazi tangu asubuhi. Tulidhani wenyewe wamechelewa. Hatusemi ni viti vya nani. Kila mtu humu anavijua.

Kahawa imepikwa na halwa imetoka Nizwa. Tunaomba vingoje. Tunaomba usitujibu, usitushukuru, usimpe mkono msomaji wetu. Gari lako liko mlangoni, na wao wakiliona gari lako watasimama. Likija la Huwaida peke yake hawatasimama. Saliha ameshatoka, mmemwona wenyewe akipita. Bwana Mahrous amemfuata na ufunguo mkononi.

Mwenyezi Mungu akupe umri na wepesi wa kuinuka. Akuongoze Alkhamisi, na akuongoze sasa hivi kabla ya Alkhamisi. Awatilie kivuli wale walioko njiani, na awafupishie mbio ya leo. Amin. Tafadhali, Sheikh, simama.

Ni sisi,
Watunzaji wa Saluki wa Ghafatein